Laini Iliyoachwa Wazi

Asubuhi aliyotakiwa kwenda ofisini, Sikio alijaribu nguo mpaka kitanda kikafunikwa. Gauni la bluu lilimfanya aonekane kama anakwenda kuhojiwa. Sketi nyeusi ilimkataa kiunoni. Viatu vya kisigino, alipovivaa na kupiga hatua chache, vilimkumbusha kwamba miguu yake ilishazoea ndala na haikuwa tayari kusikia habari nyingine. Mwishowe alilirudia lile gauni la bluu. Ungemuuliza, angekuambia anajiandaa kwa mkutano. Tusimwamini. Mtu hapaki wanja akaufuta akaupaka tena kwa sababu ya mkutano.

Bibi yake alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, akimsikiliza anavyokwenda na kurudi.

"Leo unakwenda kumwona mtu wa chai," Bibi alisema.

"Nakwenda kazini, Bibi."

"Kazini ulikuwa unakwenda na ndala, kutoka kitandani mpaka mezani. Kisigino hicho ni cha mtu."

Sikio alicheka, akainama kumpangia mito mgongoni, na akashukuru kwamba Bibi hauoni uso wake.

Sikio si jina alilopewa na wazazi. Lilitokana na kazi. Kampuni yao ilikuwa ya kunukuu: ililetewa sauti za kesi, za mikutano ya vyama, za madaktari wanaoeleza hali za wagonjwa, nayo ikazigeuza kuwa maandishi. Kila faili lilishikwa na jozi. Mmoja alisikiliza na kuandika, mwenzake akasikiliza upya na kusahihisha. Yeye alikuwa mwandishi, na mhakiki wake ndiye aliyembandika jina la Sikio, kwa sababu alilinasa hata neno lililomezwa na kikohozi. Naye akamlipa kwa kumwita Mkato, maana yule bwana hakuweza kuipita sentensi bila kuichomekea mkato mahali fulani.

Hawakuwahi kuonana. Wote wawili waliajiriwa wakati kampuni imeshawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani, na kwenye kompyuta, pale pa kuweka sura yako, Mkato aliweka kikombe, Sikio akaweka ua. Kwa nini hawakutumiana picha? Mwanzoni ilikuwa haya. Baadaye, mambo yalipoanza kunoga, ikawa woga.

Lakini walisikiana, na walisikiana kuliko watu wengi wanaolala chumba kimoja. Bosi wao, mwanamke mwembamba waliyemwita Mkuu, asiyependa maelezo marefu, aliweka sheria kwamba kila jozi iache laini wazi saa zote za kazi, ili mtu asije akasinzia na mwenzake asijue. Sheria ile ilikufa yenyewe. Jozi moja ikazima, ya pili ikazima, hata Mkuu akasahau kwamba aliwahi kuitoa. Jozi hii moja haikuzima. Asubuhi walisalimiana, wakafungua laini, kisha kila mmoja akafanya kazi yake huku nyumba ya mwenzake ikiendelea na maisha yake masikioni.

Kwa njia hiyo Sikio aliijua nyumba asiyowahi kuikanyaga. Alijua kiti kinacholia Mkato akiegemea, na mlango unaogoma kufungwa mpaka upigwe teke. Alijua kwamba chai yake huipuliza kwanza, na mpulizo huo una kamluzi kadogo mwishoni. Kuna mwanamke aliyekuwa akiimba kule nyuma kila alipofua. Sikio alivumilia siku kadhaa akiwa na donge rohoni, kisha akajikaza akauliza ni nani. Ni mama, Mkato alijibu, na Sikio akafurahi kiasi cha kujiaibisha. Jambo la ajabu ni kwamba yule mama aliukatisha wimbo wake palepale kila mara, katikati ya ubeti, ukabaki unaning'inia.

Bibi naye aliambukizwa. Wakati mwingine Sikio alivua hedifoni akafungulia spika, ili Bibi apate watu wa kushinda nao. Macho ya Bibi yalikuwa yamezimika kidogo kidogo, na tangu alipoanguka bafuni miguu nayo iligoma. Hakuweza kuachwa peke yake. Sikio aliacha kazi ya zamani mjini akaitafuta hii ya nyumbani kwa sababu hiyo moja tu, kwa kuwa Bibi ndiye aliyemlea, na hakuwa na mwingine wa kumwita mzazi.

Hilo Mkato hakulijua. Sikio hakupenda kulisema.

Kisha ikaja barua pepe ya Mkuu. Makosa yamezidi, wateja wanalalamika. Kuanzia mwezi ujao, kila jozi itafanya kazi ndani ya chumba kimoja. Wote waje siku ya mkutano, na asiyeweza kurudi aseme, nafasi yake apewe mwingine. Sikio aliisoma mara nyingi akitafuta upenyo, asiuone. Leo alimwachia Bibi jirani wa mlango wa pili, kwa kumbembeleza, na jirani alisema waziwazi kwamba ni leo tu.

Kwa hiyo aliondoka nyumbani na mizigo miwili. Alikuwa anakwenda kuipoteza kazi, na alikuwa anakwenda kuuona uso wa Mkato. Na niseme kweli, huo wa pili ndio uliomfanya atembee haraka.

Njiani alijiona mgeni. Alikuwa amesahau kwamba foleni ina kelele zake, na kwamba kuna watu wanaoweza kusinzia wamesimama bila kuangusha mkoba. Alishuka kituo kabla ya chake, kwa sababu jengo la benki alilolitumia kama alama lilikuwa limepakwa rangi nyingine. Vile viatu vikamwadhibu mpaka mlangoni mwa ofisi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na unanuka rangi mpya. Madawati yamepangwa kwa jozi, migongo ikigusana. Watu walikuwa wanazungukana na kukodoleana macho. Mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake kama yeye ndiye mwenye jogoo. Mwingine alimwomba radhi mama mmoja kwa kuwa miezi yote alimdhania ni mwanamume. Sikio alisimama karibu na mlango akapepesa macho huku na huku. Alimwona kijana mrefu, shati jeupe, kidevu kimenyooka, na moyo ukampiga. Akajisemea, ndiye huyo. Yule mrefu akafungua mdomo kumwomba mtu kalamu, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya filimbi. Sikio alipumua.

Ndipo akafanya alichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Alifumba macho. Aliwatenga wanaocheka, akaitenga feni, akatenga miguu na viti vinavyoburutwa. Kutoka kwenye meza ya chai, kule pembeni, akasikia mtu anapuliza kikombe, na mwisho wa mpulizo kamluzi kadogo.

Akafumbua macho. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Shati lake lilipigwa pasi mbele, mgongoni likaachwa lijitetee lenyewe. Masikio yalikuwa makubwa na yamesimama, na macho yalikuwa mapole kupita kiasi, yenye kope ndefu ambazo mwanamke angezilipia. Macho hayo yalikuwa yanamtazama yeye. Yalikuwa yameshamtazama kwa muda.

Sikio alimsogelea, na walipokaribiana wote wawili wakaishiwa maneno.

"Habari," alisema Mkato.

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Basi. Watu walioongea tangu asubuhi mpaka jioni, waliobishana kuhusu vitunguu, waliochekeana mpaka wakakosa pumzi, wakabaki wanatazama sukari. Mkato alimkaribisha chai. Sikio akasema ameshakunywa, na ilikuwa uongo. Sauti ile aliyoipenda ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mtu asiyemjua, na kila alipoutazama ule mdomo, sauti ilimkimbia. Ilikuwa afadhali Mkuu alipowaambia watu wakae kwenye nafasi zao wakati mafundi wanamalizia mitambo. Walikaa, mgongo kwa mgongo. Sikio aliona jinsi chozi la hasira linavyoanza kumkaribia. Amevaa kisigino chote hiki kwa ajili ya mtu asiyeweza kuongea naye.

Kwa mazoea tu, akavaa hedifoni. Kwenye kioo cha kompyuta, kikombe cha Mkato kilikuwa kinawaka. Akabonyeza.

"Sikio, unanisikia?"

Alikuwa amerudi, yuleyule.

"Nakusikia."

"Afadhali. Pale kwenye chai nilitaka kujificha chini ya meza. Nilikujua kabla hujanijua, lakini."

"Ulinijuaje?"

"Ulisafisha koo pale mlangoni. Huwa unasafisha hivyo kabla hujafungua faili jipya."

Sikio alitabasamu akiutazama ukuta. Nyuma yake, umbali wa kuweza kuguswa, alisikia kiti kikilia kwa mlio tofauti na ule wa nyumbani.

"Na huyu mtu uliyemwona," Mkato aliuliza, polepole, "umemwonaje?"

"Ana masikio makubwa."

"Ndiyo mtaji wangu. Kingine?"

"Sijui. Sijamaliza kumtazama."

"Basi geuka."

"Siwezi. Nikigeuka tutanyamaza tena."

Wote wawili wakacheka kwa chini, na kila mmoja akaisikia migongo ya viti ikitikisika. Watu waliopita waliona wafanyakazi wawili wenye bidii. Kama kuna kipindi Sikio alikuwa na raha kamili katika ukumbi ule, kilikuwa hicho, na hakikuwa kirefu.

Mkuu alisimama mbele akapiga makofi mara mbili. Alisema anawashukuru waliokuja, akaeleza yale ambayo barua ilishayaeleza, kisha akaongeza kwamba sifa si zake. Kuna mhakiki mmoja aliyemwandikia kwa hiari yake, akamshauri kwamba jozi zikae pamoja, na ndipo naye akaamka. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye dawati lao. Ukumbi ukapiga makofi. Mikono ya Sikio ilibaki mapajani.

Mkuu aliwapa mpaka Ijumaa kuamua. Sikio hakungoja lifti. Alishuka ngazi akiwa ameshika viatu mkononi, na kwenye ghorofa ya katikati alisikia mtu anamfuata mbio. Akageuka, na safari hii uso wake hakuuogopa hata kidogo.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukuona." Mkato alikuwa anahema. "Kila nikigusia tuonane, unasema wiki ijayo. Nikadhani unaniogopa. Nikasema, ikiwa kazi ndiyo itakayotukutanisha, hutakuwa na sababu ya kuogopa."

"Ukaniuliza?"

Mkato alivitazama vile viatu mkononi mwa Sikio.

"Wewe unajua kila kitu cha nyumba yangu," Sikio alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unajua bomba letu linakoroma. Unajua Bibi akicheka anaanza na kikohozi. Haya, mhakiki, niambie. Miguu ya Bibi umeisikia lini?"

Sikio alimwona Mkato anavyorudi nyuma kimawazo, anazipitia upya zile siku zote kama anavyopitia faili, anatafuta ndala, fimbo, hatua moja tu ya bibi kizee kwenye sakafu. Alimwona anatafuta mpaka mwisho asipate.

"Hatembei," Sikio alisema. "Na haoni. Mimi ndiyo miguu yake. Ulichomwomba Mkuu ni nimwache peke yake ndani ya nyumba, au niache kazi."

"Mbona hukuniambia?" Mkato aliuliza. Hakuuliza kwa kujitetea. Aliuliza kama mtu aliyepigwa.

"Kwa sababu wote wanaojua huniongelesha kwa kunihurumia. Wewe ulikuwa unaniongelesha mimi."

Akampa kisogo, akashuka. Mkato hakumfuata tena.

Kesho yake laini haikufunguliwa. Kikombe kiliwaka mara kadhaa kwenye kioo, na kila kilipowaka Sikio alikitazama mpaka kikazima chenyewe. Alifanya kazi katika ukimya. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla, na kila kijiko kilichoanguka kilimshtua. Bibi alivumilia asubuhi nzima.

"Mtu wa chai anaumwa?"

"Hapana, Bibi."

"Mama yake je? Leo si siku ya kufua?"

Sikio alikwenda jikoni akasimama tu, bila kutafuta kitu. Alimkasirikia Mkato kwa hasira ya haki kabisa, na wakati huohuo alikuwa anatega sikio ukutani kusikia kiti kisichokuwepo. Alijiuliza yuko wapi, anafanya nini, na kama chai bado anaipuliza. Mapenzi hayana aibu.

Jioni alimpigia simu Mjomba, mtoto wa kiume wa Bibi, kumweleza habari za kazi, na Mjomba akaja siku iliyofuata. Mjomba alikuwa fundi wa kupima ardhi, mtu wa vipimo, na alipenda kila jambo liwe na mipaka yake. Alisema alishaonya. Alisema Bibi ahamie kwake, binti arudi mjini akafanye kazi ya watu, na mambo ya kompyuta mezani yaishe. Kuhusu yule mwanamume aliyesikia habari zake, alisema mtu unayemjua kwa waya humjui, na kwamba mwanamume anayeshinda nyumbani na mama yake hana mbele wala nyuma. Sikio alikataa. Akasema ataacha kazi yeye, Bibi haendi kokote. Nyumba ya Mjomba iko juu ghorofani, hakuna anayeshinda ndani, na Bibi angekuwa anasikiliza jokofu.

Aliyevunja mabishano ni Bibi mwenyewe.

"Nipelekeni," alisema. "Mimi ni mtu wa kiti. Kiti kipo popote."

Alilisema kwa wepesi, kama anaomba maji. Sikio alimfahamu kuliko hivyo. Alipiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja ya Bibi akalia, na Bibi akawa anampapasa nywele. Likakatwa shauri kwamba Ijumaa Mjomba atakuja na gari.

Ijumaa asubuhi nguo za Bibi zilikuwa kwenye mabegi mlangoni. Mjomba alikuwa anapima kwa macho kama kile kiti kitapita. Mlango ukagongwa.

"Huyo si jirani," alisema Bibi. "Jirani hagongi, anasukuma."

Nje mtu alikohoa kidogo, kikohozi cha aibu. Bibi aliinua uso.

"Mfungulieni. Ni mtu wa chai."

Sikio alifungua. Mkato alikuwa amesimama na begi la kompyuta begani, na leo shati lilikuwa limepigwa pasi pande zote. Hakuonekana kama amelala. Alibisha hodi ilhali mlango uko wazi, akakaribishwa, akavua viatu. Alimsalimia Mjomba kwa heshima zote, kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya kiti cha dirishani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona sauti yako iko chini hivyo? Kwenye spika ulikuwa mrefu."

"Ndivyo nilivyo, Bibi. Hata yeye ilimshtua."

Bibi alikohoa, kisha akacheka. Mjomba hakucheka. Aliuliza kijana amekuja na shida gani, maana wako safarini.

Mkato alisimama akaeleza, na alieleza akimtazama Sikio. Alisema alirudi kwa Mkuu akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba alitoa ushauri kwa faida yake mwenyewe akaufunika kwa jina la kazi. Mkuu alimuuliza kama sasa anataka amri ifutwe. Akasema hapana. Akauliza kitu kimoja tu: kwamba jozi ikae chumba kimoja, lazima kiwe chumba cha pale? Mkuu alifikiri, akakumbuka kwamba madawati hata hivyo hayatoshi watu wote, akasema anachotaka yeye ni masikio mawili juu ya faili moja. Kuta hazimhusu. Akampa na anwani ya nyumba hii.

"Kwa hiyo nimekuja na kompyuta yangu," Mkato alisema. "Mimi nina miguu. Safari ya kila asubuhi naweza kuifanya mimi. Lakini safari iliyopita niliamua bila kukuuliza, Sikio. Leo nauliza. Ukisema niondoke, nitaondoka, na nafasi yangu nitamwachia mhakiki mwingine, mwanamke, aje akae nawe hapa. Mkuu amekubali hilo pia. Kazi yako haiko hatarini tena, ukinikubali au usiponikubali."

Sikio alikuwa amejiandaa kwa maombi na visingizio, na hivyo angevikataa. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyemletea kazi yake mkononi, kisha akasimama kando. Alimtazama, safari hii bila haraka, kuanzia kope mpaka yale masikio. Sauti na uso, vilivyogombana siku ile kwenye meza ya chai, vilikuwa vimepatana bila yeye kujua lini.

Mjomba akaingilia. Alisema yote hayo ni mazuri, ila yeye anataka kujua mpaka uko wapi.

"Kijana ushinde ndani ya nyumba hii, asubuhi mpaka jioni, pamoja na binti huyu. Ushinde kama nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mkato alimgeukia Sikio, na uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni.

"Hilo nalo siwezi kulijibu peke yangu," alisema. "Mimi jibu langu ninalo siku nyingi. Nishinde hapa kama nani?"

Sikio alisafisha koo. Mkato alilisikia hilo, na akaanza kutabasamu kabla ya neno lolote kutoka.

"Kama mchumba wangu, Mjomba," Sikio alisema. "Wazee wake waje waseme na wazee wangu kama inavyotakiwa. Mpaka hapo atakaa mezani, na Bibi atakaa katikati yetu."

"Mimi nipo tu," Bibi alisema. "Siendi kokote. Mjomba wako arudishe hayo mabegi ndani."

Mjomba alimtazama mama yake, akamtazama kijana, akautazama ule mlango ambao kiti hata hivyo kisingeupita. Alisema wazee waje haraka, yeye hapendi mambo ya kuning'inia. Akainama akanyanyua begi la kwanza.

Sikio alisogeza kiti cha pili mezani. Alisimama karibu na Mkato, na mikono yao ikagusana kwa mara ya kwanza juu ya waya wa kompyuta. Hakuna aliyeuondoa mkono wake. Mkato alikuwa na joto mikononi. Hilo hakuna laini iliyowahi kumwambia.

"Kijana," Bibi aliita kutoka dirishani. "Hao wazee wakija, mama yako asikose. Yule anayeimba akifua."

"Atakuja, Bibi."

"Nina jambo naye. Ule wimbo kila siku anaukatisha palepale. Unaishaje?"

Mkato alikuna sikio.

"Kwa kweli sijui, Bibi. Nimezaliwa nikakuta anakatisha palepale."

Bibi aliegemea mito yake, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyeshakaa tayari.

"Basi mpigie simu," alisema. "Mwambie aje hata leo."